Vyumba Vilivyobaki Karatasini

Habari za kifo cha Mzee Byaruhanga zilinifikia Ruti, nje kidogo ya Mbarara, nikiwa juu ya nyumba ambayo mafundi wangu walikuwa wakiimwagia zege. Simu ilitetemeka mfukoni, nikasoma, nikairudisha, nikaendelea kuwahimiza watu wasiache zege likaanza kushika kabla ya kusawazishwa. Kilio kilikuja baadaye, nikiwa nimeketi juu ya rundo la nondo, na fundi mkuu akaona aibu akageuka upande wa pili. Siku ya mazishi tulikwenda kijijini kwao. Waliweka mahema matatu kwenye shamba la migomba, viti vyeupe vya plastiki, kipaza sauti kilichokuwa kikikatakata. Kila aliyesimama kusema alitaja ukumbi alioujenga mtaa wa Nyamityobora. Diwani aliutaja, padri aliutaja, mtoto wa kwanza wa marehemu aliutaja mara mbili. Walisema pale ndipo wanapoozeshana, pale ndipo wanapokesha na wafiwa, pale Wanyankore wanacheza ngoma zao Jumamosi na Warundi wanapiga za kwao Jumapili baada ya misa. Yote ni kweli. Kisha wakaniita mimi, Nzigire, mwanafunzi wake wa kwanza, mkimbizi ambaye Mzee alimtoa kambi ya Nakivale na kumfanya mtu. Nikasimama. Nikasema Mzee alinifundisha kuketi kwenye ua wa watu bila haraka mpaka nielewe wanavyoishi. Wakapiga makofi, nikaketi. Mama aliyekuwa karibu yangu akaniambia nimesema vizuri, nami nikamshukuru, huku nikijua nilichokiacha. Ndiyo maana naandika habari za mwaka ule. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na niliamini kwamba chumba kikishachorwa vizuri kimeanza kuwapo.

Tulikutana Nakivale, upande tunaokaa Wakongomani. Nilikuwa nimesoma uchoraji wa majengo Bukavu, nikakatishwa kabla ya kumaliza, na pale kambini nilikuwa nikiwachorea majirani ramani za nyumba zao za udongo kwenye karatasi za daftari. Watu walicheka mwanzoni. Nyumba ya miti na udongo inahitaji ramani ya nini? Lakini walipoona kwamba nyumba niliyoichora haiingizi maji, wakaanza kuja. Mzee Byaruhanga alikuwa amekuja kusimamia ujenzi wa ghala la shirika fulani. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa, Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi za jeshi, alikojenga mabweni miaka mingi, na watu wote walimwita Injinia ingawa hakuwa mhandisi, alikuwa msanifu wa majengo. Mvua ilimkimbiza akaingia nyumba ya jirani yangu, akaiona ramani yangu imebandikwa ukutani kwa uji wa ugali.

"Nani nachora hii?" aliuliza.

Wakaniita. Nilikuja na mikono ya udongo.

"Wewe? Sasa hii mlango, kwa nini naangalia huku, hapana barabara?"

"Kwa sababu mvua inatokea upande wa ziwa, Mzee."

Alitazama nje, akatazama ramani, akatazama nje tena. Mlango ulikuwa wazi na sakafu ilikuwa kavu. "Mimi iko na kazi Mbarara," alisema. "Kazi ya kuchora. Kama wewe napata ruhusa ya kutoka, kuja." Baada ya wiki mbili nilikuwa na karatasi ya ruhusa, begi moja, na viatu vya kuazima.

Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la misumari na rangi, vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya wageni na kabati la vioo. Cha nyuma kilikuwa na mbao mbili za kuchorea, moja yake na moja yangu, na dirisha lililotazama mabati ya mtaa mzima mpaka kwenye miti ya mto Rwizi, na ng'ambo ya mto msalaba wa kanisa la Nyamitanga. Saa saba mchana mke wake alituletea chakula kwenye sufuria zilizofungwa kwa kitambaa. Nilifundishwa pale kula karo, ugali wa ulezi mweusi unaonata vidoleni, na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli ambao siku ya kwanza nilidhani ni maziwa yaliyoharibika. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alinipa wembe wa kuchongea penseli, rula ya chuma, na kazi ambayo ndiyo iliyonileta: kulikuwa na ua wa zamani Nyamityobora, vyumba kumi na viwili vimezunguka uwanja mmoja, vilivyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi enzi ambazo hakuna mpangaji aliyezikumbuka. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo, nene kama urefu wa mkono, na juu ya milango bado kulikuwa na maua ya plasta. Shirika moja la Ulaya lilitaka kujenga pale nyumba ya utamaduni kwa ajili ya watu wa mtaa, wenyeji na wakimbizi pamoja, na nyuma yake nyumba mpya kwa wapangaji walewale waliokuwamo. Hilo la nyumba mpya ndilo lililomfurahisha Mzee. Alisema amejenga kumbi nyingi ambazo ziliwafukuza watu, na kabla hajafa anataka kujenga mmoja usiomfukuza mtu.

Nilihitaji mahali pa kulala, akanipeleka kulekule uani, kwa Mama Perpetua. Alikuwa Mrundi, mjane, mnene wa mabega na mwembamba wa miguu, aliyeuza maharage na ubuswage, ule muhogo uliopondwa na kufungwa ndani ya majani ya mgomba. Alikuwa na kiwanja chake Nakivale kama sisi sote, lakini alikuwa ameishi chumba kile miaka mingi, akienda kambini siku za kuhesabiwa tu. Chumba kilipakwa rangi ya buluu mpaka kiunoni na chokaa juu. Kitanda kilipandishwa juu ya matofali ili magunia ya maharage yaingie chini, ukutani alikuwapo Bikira Maria na rozari imening'inia kwenye msumari, na katikati akatundika kitenge, upande mmoja wake, upande mmoja wangu. "Miye nakoroma," aliniambia siku ya kwanza. "Ukisikia kimya, ndiyo uje kunitazama." Jioni tulikula ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa kwao, na tulisikiliza kuta. Kuta zile nene zilizuia joto lakini hazikuzuia maneno, kwa sababu juu, chini ya mabati, vyumba vyote vilikuwa wazi. Tulimsikia Papa Bahati, fundi cherehani, Mkongomani mwenzangu kutoka Fizi, akiomba kwa sauti kama anayemkumbusha Mungu miadi. Tuliwasikia mume na mke wa chumba cha tano wakigombania redio. Mama Perpetua alijibu maneno ya watu kutoka kitandani kwake, na wao wakamjibu, na hakuna aliyeona ajabu.

Mzee hakuniruhusu kuchora mwezi mzima. "Kwenda keti pale," alisema. "Andika watu nafanya nini. Hapana uliza kwanza. Angalia tu." Basi niliketi barazani na daftari. Niliandika kwamba wanawake wanapika nje ya mlango na si jikoni, kwa kuwa mpishi anataka kuongea. Niliandika mahali kivuli kinapofika saa kumi, na nani anahamisha kigoda kukifuata. Nilimpima Mama Perpetua akiwa ameketi mbele ya sufuria, miguu imenyooshwa, na akauliza kama namshonea gauni. Nilipoanza kuuliza maswali, yeye ndiye aliyenipa jibu ambalo sijawahi kupewa na mtu mwingine. Nilimwuliza angependa nini katika nyumba mpya. Nilitarajia aseme maji au umeme.

"Mlango mpana," alisema. "Bwana wangu alipokufa, jeneza halikupita. Ile kona ya baraza. Walilisimamisha kama kabati, mutoto wangu. Nikasikia anateleza mule ndani, kichwa kikagonga. Miye hiyo sauti niko nayo mpaka leo."

Nilimpelekea Mzee maneno hayo. Alifuta milango yote ya ukumbi na ya nyumba, akaipanua, akanionyesha jinsi ya kukata kona ya baraza ili watu sita waliobeba waweze kugeuka wote pamoja. Ndivyo tulivyofanya kazi miezi ile, na nisidanganye, ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyokuwa nimeishi. Mwezi wa nne tulitengeneza mfano wa jengo kwa maboksi ya sabuni, tukaupeleka uani siku ya Jumapili, tukauweka juu ya gunia katikati ya uwanja. Watu walizunguka kama wanaotazama mtoto mchanga. Mzee akawaambia kila mtu achague chumba chake nyuma ya ukumbi na aweke alama. Papa Bahati aliweka kifungo cha shati karibu na dirisha, akasema hapo ndipo mwanga wa cherehani utakapoingilia. Wale mume na mke waliweka betri ya redio. Mama Perpetua alitafuta mfukoni akatoa punje ya haragwe, akaiweka kwenye chumba cha kwanza, kinachotazama lango, ili aone wateja wakija. Nilinakili kila alama kwenye ramani na kuandika jina la mtu ndani ya kila chumba, kwa mkono wangu, kwa herufi za ufundi nilizofundishwa Bukavu.

Mwezi wa tano, siku ya Alhamisi baada ya chakula, walikuja ofisini mwanamke mmoja wa lile shirika la Ulaya na mtoto wa mwenye kiwanja, mwanamume mwenye mkufu aliyependa kukaa akitikisa ufunguo wa gari. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nikichora ngazi. Walizungumza Kiingereza, na hawakujua kwamba nilikuwa nimekisoma kambini kwa miaka miwili. Mwanamke alisema mwaka huu kilichokubaliwa huko Ulaya ni ukumbi tu. Nyumba zitatazamwa awamu ya pili, kama awamu ya pili itakuwapo. Mtoto wa mwenye kiwanja akasema awamu ya pili isiwasumbue vichwa, sehemu ya nyuma amekwisha kuwaahidi watu wanaotaka maduka. Nilikuwa nimeshika rula, na kidole gumba kilikuwa kimeanza kuuma kwa jinsi nilivyoikandamiza. Nilingoja sauti ya Mzee. Nilijua atakachosema. Atasema basi hatujengi, na atawafungulia mlango.

Alisema, kwa Kiingereza hichohicho, "Wasiambiwe sasa. Wakijua, hawatatoka, na tukikosa mwaka huu tumekosa yote. Tujenge ukumbi kwanza. Ukisimama, nani atakuwa na uso wa kuwanyima nyumba?"

Nimeyageuza maneno hayo miaka mingi. Siamini kwamba alikuwa anawadanganya watu kwa faida yake. Nadhani alikuwa mzee aliyechoka kuona michoro yake ikifungwa kabatini, na alijidanganya mwenyewe kwanza. Lakini siku ile sikufikiri hayo. Wageni walipoondoka, alisukuma mlango akanikuta nimeinamia ubao.

"Zigi," alisema. Ndivyo alivyofupisha jina langu. "Hii ukuta ni nyembamba. Wewe nasikia nini?"

"Sikusikia kitu, Mzee. Nilikuwa nachora."

Nilimwona mwili unalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Vizuri," alisema. "Sasa kesho kwenda ongea na Mama. Watu lazima natoka kabla ya mwezi wa saba. Yeye akitoka, wote natoka. Wao naogopa mimi, wewe wao naamini."

Ningeweza kusema sikuwa na njia, kwamba nilikuwa mkimbizi mwenye karatasi ya ruhusa iliyosainiwa kwa ajili ya kazi ile, na ningefukuzwa ningerudi kubeba maji. Hilo lilikuwa kweli, lakini sicho kilichonifunga mdomo. Nilitaka ukumbi ule ujengwe. Nilikuwa nimeuchora mimi, madirisha yake, ile kona iliyokatwa, na nilitaka kusimama ndani yake. Kesho yake jioni Mama Perpetua alinipakulia chakula, nikamwambia muda umefika, wahame kwa miezi michache, wengine kwa ndugu zao Nyamitanga au Ruti, wengine kambini, na ujenzi ukiisha kila mtu atapewa chumba chake. Aliacha kula. Aliuliza kama kuna karatasi. Nikasema ipo ramani, na jina lake limo. Papa Bahati alisikia kutoka ng'ambo ya ukuta, akauliza kwa sauti yake ya maombi:

"Mama, na banasema tutarudi kweli? Sababu miye nilishafukuzwa fasi mingi. Kila mara banasemaka muda kidogo."

Mama Perpetua alinitazama. Taa ya umeme ilikuwa dhaifu, lakini alinitazama vizuri. "Nzigire, uniambie weye. Si yule Injinia. Weye unalala hapa. Tutarudi?"

"Tutarudi, Mama."

"Tutarudi, Papa Bahati," alisema kwa sauti, ili vyumba vyote visikie. "Mutoto wangu amesema."

Walitia vidole gumba kwenye karatasi ya kuhama Jumatatu yake, yeye wa kwanza, wengine nyuma yake bila kuuliza. Kufikia mwisho wa mwezi wa sita ua ulikuwa mtupu. Kaya tano zilitawanyika mjini kwa ndugu zao, na saba zilirudi Nakivale, ya Mama Perpetua ikiwa ya mwisho, naye amekaa mbele ya lori na Bikira Maria mapajani. Nyumba yake ya kambini ilikuwa imeanguka nusu kwa kutokaliwa. Alisema atafunika kwa turubali, ni miezi michache tu. Mimi nilihamia stoo ya duka, chini ya ofisi. Nilikuwapo siku ya kubomoa. Nilidhani kuta nene kama zile zitapigana, lakini udongo ukishaondolewa bati juu yake ni udongo tu. Vijana walisukuma kwa nguzo na ukuta ukalala wenyewe, na rangi za wapangaji wote waliopita zikaonekana kwenye mpasuko, buluu juu ya kijani, kijani juu ya waridi. Mzee alisimama na kofia mkononi. Aliokoa ua moja la plasta akaliweka kwenye gari. Sikujua alilipeleka wapi.

Ukumbi ulisimama kwa miezi minne, na ulikuwa mzuri. Mpaka leo ni mzuri, na hilo linaniumiza kuliko kama ungekuwa mbaya. Mwanga unaingia kutoka juu kama tulivyotaka, baraza linazunguka pande tatu, wanawake wanapika mbele ya milango. Siku ya kufungua ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi. Wapiga ngoma wa Kirundi walitoka Nakivale na ngoma zao kubwa vichwani, na lori lililowaleta liliwaleta pia wapangaji. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Papa Bahati alivaa suti aliyoishona mwenyewe, na mke wa chumba cha tano alikuwa amebeba godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Nilipoliona lile godoro nilijificha nyuma ya nguzo. Hotuba zikasemwa, utepe ukakatwa, ngoma zikapigwa mpaka vioo vikatetemeka. Katikati ya ngoma Mama Perpetua alinipata. Alikuwa amekonda, na kifua chake kilikuwa kikifanya sauti.

"Ni kuzuri sana," alisema. "Mlango ni mpana. Nimeupita mara mbili. Sasa nionyeshe chumba changu."

Nilimshika mkono tukazunguka nyuma, kwa kuwa sikuweza kusema pale mbele za watu. Nyuma kulikuwa na vigingi na kamba zilizonyooshwa, na mitaro ya msingi ilikuwa imekwisha kuchimbwa. Alitazama mitaro. Alikuwa ameishi na mimi miezi mitano, akinitazama nikichora. Alijua msingi wa vyumba ukoje.

"Hivi ni vikubwa," alisema. "Havina kuta za katikati."

"Ni maduka, Mama."

"Na sisi?"

"Sijui kama vitajengwa. Wanasema labda baadaye."

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliendelea kutazama, kama anayetafuta kwenye mitaro ile kitu alichokidondosha. Kisha alirudi mbele, akamwambia mke wa chumba cha tano arudishe godoro kwenye lori. Nilimtafuta Mzee kwa macho. Alikuwa akipigwa picha na diwani, na alipotuona alielekeza uso kwenye kamera.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja nilikwenda Nakivale. Nilimkuta Mama Perpetua ameketi kwenye mlango wa nyumba yake akichambua maharage kwenye ungo, chini ya turubali iliyopigwa viraka. Ndani kulikuwa na unyevu na harufu ya moshi, na rozari ilikuwa imefungwa kwenye mti wa paa. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimepanga kumweleza pole pole, lakini nilisema yote kwa pumzi moja: kwamba nilisikia ofisini kabla hajatia kidole, kwamba nilijua nyumba hazipo, na kwamba nilimwambia tutarudi nikiwa najua.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Ulijua, ukala ugali wangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Miye ndiye niliyewatoa," alisema. "Si weye. Weye hawakukufuata weye. Waliacha kuta zao kwa neno langu miye." Akaweka ungo chini, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akachukua fimbo. "Simama. Utawaambia. Miye nitasimama karibu, nisikie unavyowaambia."

Tulitembea siku mbili, kaya sita zilizobaki pale kambini, mtaa mmoja hadi mwingine, yeye mbele akipumzika kila tulipopanda, mimi nyuma. Kwenye kila mlango alipiga hodi, akasalimia, akasema, "Huyu ana maneno," kisha akanyamaza. Nami nikayasema. Nilijifunza kwamba maneno ya namna hiyo hayawi mepesi kwa kurudiwa. Mume wa chumba cha tano alinisukuma nikaanguka kwenye matope, na mkewe akamkemea yeye, si mimi, lakini hakuninyanyua. Nyumba moja walidhani nimeleta habari njema, wakanipa chai kwanza, ikabidi niseme nikiwa na kikombe chao mkononi. Papa Bahati alikuwa wa mwisho. Cherehani yake ilikuwa ndani, imefunikwa na nailoni kwa sababu ya mvua, na alikuwa hajashona tangu mwezi wa sita kwa kuwa mguu wa mashine ulishika kutu. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ulijuaka," alisema mwishowe. "Na weye ni wa kwetu. Miye nilisema, huyu mutoto ni wa kwetu, hawezi." Hakumaliza. Akamgeukia Mama Perpetua. "Na weye, mama?"

"Miye sikujua," alisema.

"Asante," Papa Bahati akajibu, na akafunga mlango taratibu, kama mtu aliye na mgonjwa ndani.

Mama Perpetua alinisindikiza mpaka barabarani kunakopita gari za Mbarara. Ilikuwa mchana, na mvua ilikuwa ikijikusanya juu ya ziwa. Nilimwambia anisamehe. Alikohoa kwanza, akajifuta mdomo kwa pembe ya kitenge.

"Kusamehe tutaongea siku nyingine," alisema. "Kazi yako haijaisha. Wa mjini watayasikia kwa hawa wa huku. Amebaki mmoja."

"Nani, Mama? Tumewapitia wote."

"Yule Injinia. Naye umwendee umwambie alichofanya. Umwambie ulisikia. Usoni, kama ulivyotuambia sisi."

Nilimwahidi. Hatukuongea siku nyingine. Kifua kilimuua wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, na habari zilinifikia amekwisha kuzikwa.

Lakini siku ile aliponiagiza alikuwa hai, na Jumatatu asubuhi nilipanda ngazi za ofisi nikiwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyasema milangoni mara sita, nilijua jinsi yanavyoanza. Mzee alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amenifutia vumbi kwenye ubao, ameweka karatasi mpya, na alikuwa amesimama dirishani akinichongea penseli kwa wembe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wiki yangu ya kwanza. Alionekana mzee. Alisema kuna masista wa Nyamitanga wanataka bweni la wasichana, kazi ya miaka miwili, na kwamba safari hii jina langu litaandikwa kwenye ramani chini ya lake.

Kisha akanitazama vizuri. "Zigi," alisema, "wewe iko na maneno?"

Miaka kumi na tisa tulifanya kazi chumba kile, na hakuniuliza tena.

"Hapana, Mzee," nilisema. Nikavuta kiti, nikaketi, nikaipokea penseli.